Ukinunua Gari Lililokwisha Tumika Likakuharibikia

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote la sheria ambalo litawafaa watu. Nilifikiria mirathi, nikaona itatufanya tuhuzunike kabla ya chakula. Nilifikiria ardhi, nikaona tutalala hapa. Basi nikaamua kuzungumza juu ya magari. Ukitazama yale yaliyoegeshwa leo kando ya uwanja wa mpira, sidhani kama matatu yalinunuliwa yakiwa mapya. Mengine yamepita katika mikono ya watu watatu au wanne tangu yaliposhushwa bandarini. Ndivyo tulivyo, na si aibu. Lakini kwa wengi wetu gari ndilo kitu cha thamani kubwa tunachonunua baada ya nyumba, na tunalinunua kwa haraka kuliko tunavyonunua kitenge.

Swali ninaloulizwa ofisini kwangu karibu kila mwezi ni hili: "Wakili, nimenunua gari, wiki ya tatu injini imekufa. Je, nina haki?" Jibu langu huwa ni ndiyo, unayo haki. Lakini ukubwa wa haki hiyo unategemea nani aliyekuuzia, alisema nini alipokuuzia, na wewe ulifanya nini siku ulipogundua ubovu. Hayo matatu ndiyo ninayotaka kuyaeleza, na hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi.

Kwanza tujue sheria yenyewe. Kwa Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Asili yake ni ya mwaka 1931, wakati wa utawala wa Waingereza, nayo ilinakiliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Mwaka huo, ndugu zangu, hata huko Uingereza kwenyewe mtu aliyekuwa na shida ya usafiri alinunua farasi. Kwa hiyo tunahukumu kesi za magari kwa maneno yaliyoandikwa na watu waliokuwa wakitazama meno ya farasi. Ajabu ni kwamba maneno hayo yamefanya kazi vizuri kuliko mtu angedhani.

Hapa niwaonye vijana, ambao siku hizi kila jambo mnaliuliza simu. Ukiuliza huko utasoma kwamba mnunuzi ana siku 30 za kurudisha gari bovu na kudai fedha zake zote. Ni kweli, lakini ni kwa Waingereza, kwa sheria yao mpya ya mwaka 2015, tena ukiwa umenunua kwa mfanyabiashara. Wao wameiacha ile ya 1893 zamani. Sisi tumebaki nayo. Mtu akienda kwa muuzaji akamtajia siku 30 atachekwa, na yule anayecheka atakuwa na haki ya kucheka.

Sheria yetu inaweka masharti ambayo yanaingia katika mauziano hata kama hamkuyatamka. La kwanza ni kwamba muuzaji awe na haki ya kuuza. Hili linamfunga kila muuzaji, awe mwenye yadi, awe jirani yako, awe shemeji. Kule Uingereza, katika shauri la Rowland na Divall lililoamuliwa mwaka 1923, mtu alinunua gari kwa paundi 334. Miezi kadhaa baadaye polisi wakalichukua kwa sababu lilikuwa la wizi. Muuzaji akajitetea kwamba gari limetumika muda wote huo, basi angalau akate gharama ya matumizi. Mahakama ikasema hapana: huyu alinunua umiliki, na umiliki hakuupata hata siku moja, arudishiwe paundi zake zote 334. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini kwa kuwa maneno ya sheria ni yale yale, mawakili na mahakimu huzitazama. Ndiyo maana nasema usitoe fedha kabla ya kulinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, na kabla ya kuhakikisha kwa Mamlaka ya Mapato kwamba jina lililo kwenye kadi ni la huyo anayekuuzia. Dalali akikuambia mwenye gari yuko safarini, mwambie utamsubiri arudi.

Sharti la pili ni kwamba gari lilingane na maelezo yake. Hili nalo linamfunga kila muuzaji, na naona watu hawalijui thamani yake. Katika shauri la Beale na Taylor la mwaka 1967, mtu wa kawaida, si mfanyabiashara, alitangaza kwamba anauza Triumph Herald ya mwaka 1961. Mnunuzi akaenda, akaliona, akalipenda, akalipa paundi 190. Baadaye gari likaanza kwenda mrama. Lilipotazamwa kwa chini ikaonekana ni magari mawili yaliyochomelewa katikati: nyuma ni la mwaka 1961, mbele ni la zamani zaidi. Muuzaji mwenyewe hakujua. Hakudanganya. Na mnunuzi alikuwa ameliona gari kwa macho yake. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ikampa mnunuzi fidia ya paundi 125, kwa sababu aliuziwa "gari la mwaka 1961" na lile halikuwa hilo.

Naomba mlitafakari shauri hilo, maana mafundi wetu wa kuchomelea wanajua kazi. Mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, aina ya giaboksi, neno kwamba gari halijawahi kupinduka: vyote hivyo vinaweza kuwa maelezo ya gari, na muuzaji asiye na nia mbaya hata kidogo anaweza kuwajibika kwavyo. Lakini ni lazima uweze kuonyesha kwamba vilisemwa. Tangazo la gazetini, karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, ujumbe wa simu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani ukifuata masharti yake. Usiufute. Watu wanafuta ujumbe wa muuzaji ili wapate nafasi ya picha za harusi.

Sasa nafika kwenye ubora, na hapa ndipo njia inapogawanyika. Kanuni ya zamani ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria haisemi kwamba kila kinachouzwa lazima kiwe kizuri. Inasema kwamba muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo anawajibika kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ina ubora unaofaa kuuzwa. Na ukimweleza kazi unayoitakia, ukategemea ujuzi wake, anawajibika kwamba itafaa kwa kazi hiyo. Maana yake, mwenye yadi ya magari anabeba mzigo huo. Mwalimu mwenzako anayeuza gari lake kwa sababu anahamishwa, haubebi. Kwake una umiliki na una maelezo, basi. Kama gari ni la mwaka ule ule aliosema na ni lake kweli, kisha klachi ikafa wiki inayofuata, ni klachi yako.

Ninajua mtasema kwamba huyo huuza kwa bei nafuu zaidi. Ni kweli, na sasa mnajua kwa nini.

Hata kwa mwenye yadi, gari lililotumika halipimwi kama jipya. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 1965, mtu mmoja huko Uingereza alinunua Jaguar iliyotumika kwa paundi 950. Aliambiwa kwamba klachi inahitaji matengenezo madogo, na bei ikapunguzwa kwa ajili hiyo. Fundi alipofungua, matengenezo yakagharimu paundi 84. Akashtaki, akashindwa. Jaji Denning alisema kwamba anayenunua gari lililotumika hana budi kutambua kwamba ubovu utajitokeza mapema au baadaye. Lakini katika shauri jingine, mtu alinunua Jaguar mwaka 1972 kwa paundi 390, ikiwa imekwenda zaidi ya maili 82,000, na baada ya wiki tatu injini ikakwama kabisa. Huyu alishinda. Mwenye gari wa awali alitoa ushahidi kwamba injini ile ilikuwa imechoka tangu alipokuwa nayo yeye. Tofauti ya mashauri haya mawili ndiyo kiini cha jambo lote. Ubovu uliochipuka baada ya kununua ni wako. Ubovu uliokuwamo tayari siku ya kuuziana, mkubwa kiasi cha kulifanya gari lisifae kwa safari, ni wa muuzaji. Na kuthibitisha kwamba ulikuwamo ni kazi yako wewe mnunuzi.

Juu ya maneno ya muuzaji nisiwachoshe, ila niwape jozi moja ya mashauri. Katika la kwanza, mtu wa kawaida aliwaambia wenye gereji kwamba gari lake aina ya Morris ni la mwaka 1948, kwa kuwa ndivyo kadi ilivyosema. Kadi ilikuwa imechezewa na mtu kabla yake, gari lilikuwa la 1939. Wenye gereji wakamshtaki, wakashindwa: wao ndio wajuzi, walikuwa na uwezo wa kujua kuliko yeye. Mwaka 1965 mambo yakawa kinyume. Mfanyabiashara alimwambia mnunuzi kwamba injini ya Bentley imekwenda maili 20,000 tu tangu ibadilishwe. Haikuwa kweli, na mfanyabiashara akalipa fidia. Yule aliye katika nafasi nzuri ya kujua ndiye anayebanwa na maneno yake. Kwa hiyo mwenye yadi akikuambia "kilomita 60,000 tu, mzee, haijaguswa," usimjibu kwa kucheka. Mwambie aandike.

Kilomita hizo zenyewe hurudishwa nyuma kwa urahisi sana siku hizi. Si kama zamani ambapo fundi alihitaji bisibisi na subira. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na gari la Japani huja na hati ya kuondolewa katika usajili wa kule, ambayo huandikwa kilomita zilizosomwa lilipokaguliwa. Imeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua wote. Omba kuiona. Mwenye yadi asiyekuwa nayo kwa gari aliloagiza mwenyewe, basi kuna sababu.

Sasa nije kwenye mtego ambao hata mawakili wengine huusahau. Sheria yetu inatofautisha sharti na dhamana. Sharti likivunjwa, mnunuzi anaweza kukataa gari na kudai fedha zake. Dhamana ikivunjwa, anabaki na gari na kudai fidia tu. Mambo niliyoyataja, umiliki, maelezo na ubora, sheria inayaita masharti. Vizuri. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kama bidhaa ni kitu mahususi, gari hili na si jingine, na umiliki umekwisha kupita kwa mnunuzi, basi kuvunjwa kwa sharti kutahesabiwa kuwa kuvunjwa kwa dhamana, ila kama mkataba wenyewe unasema vinginevyo. Na kwa kitu mahususi kilicho tayari, umiliki kwa kawaida hupita mkataba unapofungwa, hata kama fedha au gari havijakabidhiwa. Waingereza waliifuta kanuni hiyo mwaka 1967. Sisi hatukuifuta. Matokeo yake ni kwamba mtu anayekuja kwangu akisema "nataka nimrudishie gari lake," mara nyingi inabidi nimwambie kwamba atabaki nalo, na tunachopigania ni fidia.

Dawa yake iko ndani ya maneno yale yale: ila kama mkataba unasema vinginevyo. Basi uufanye mkataba useme. Andikeni sentensi moja, kwa Kiswahili cha kawaida: "Ikiwa katika siku 30 tangu kukabidhiwa itaonekana kwamba injini au giaboksi ilikuwa na ubovu siku ya mauzo, mnunuzi anaweza kulirudisha gari na kurudishiwa bei yote." Hiyo tu. Muuzaji mwaminifu atazungumza nawe juu ya idadi ya siku. Akikataa kabisa hata siku tatu, amekuambia jambo ambalo fundi wako hakukuambia.

Kuna jambo jingine ambalo naliona bora kuliko hilo, kwa kuwa halihitaji mahakama. Sheria inamruhusu mnunuzi aliyevunjiwa dhamana kuikata hasara yake katika bei ambayo hajaimaliza kulipa. Kwa hiyo jitahidi usimalize kulipa. Lipa sehemu kubwa, acha sehemu ilipwe baada ya mwezi, au angalau kadi itakapotoka Mamlaka ya Mapato ikiwa na jina lako. Aliyeshika fedha na aliyeshika barua ya wakili hawana nguvu sawa.

Jihadharini pia na maneno mawili, "kama lilivyo." Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inawaruhusu watu kukubaliana kuyaondoa masharti haya, na mkataba mwingi wa yadi una sentensi hiyo chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Ukitia sahihi umejivua nguo mwenyewe. Hata hivyo sentensi hiyo haimfuniki mwongo. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu yanaweza kutanguliwa na aliyedanganywa. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Ila Sheria ya Mikataba nayo ina mkia: aliyedanganywa kwa maneno yasiyo kweli, au kwa kunyamaziwa, hawezi kuutangua mkataba kama angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida.

Ndiyo kusema uende na fundi. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa sheria ina ncha mbili. Ukishalikagua gari, huwezi tena kulalamika juu ya ubovu ambao ukaguzi wako ulipaswa kuuonyesha. Fundi akilizunguka gari akapiga teke tairi na kusema "liko poa," umejipunguzia haki bila kupata faida. Kwa hiyo, ukikagua, kagua kweli. Gari liwe limepoa unapofika. Mwenye gari aliyekwisha kuliwasha kabla hujaja huenda anaficha namna linavyowaka asubuhi. Fundi afungue kifuniko cha redieta na cha oili. Oili iliyochanganyika na maji, yenye rangi ya chai ya maziwa, huashiria gasketi ya silinda hedi. Aangalie rangi ya moshi: wa bluu unaonyesha injini inaunguza oili, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unaonyesha maji yanaingia ndani. Apite chini na tochi atafute alama za kuchomelea. Kisha mwende safari ya nusu saa yenye mlima. Na fundi awe wako, si yule aliyekaa pale pale yadi akisubiri wateja. Mlipe, aandike alichokiona, atie sahihi. Karatasi hiyo ni ushahidi wa hali ya gari siku ile.

Niwape mfano mmoja kutoka ofisini, bila kutaja mtu wala mahali. Alikuja kwangu mwalimu mstaafu. Alikuwa ametumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua basi dogo la kubebea abiria, ili limsaidie uzeeni. Alilinunua kwenye yadi. Kijana wa yadi alimwambia, "Shikamoo mwalimu. Hii gari wewe ni kuweka mafuta tu, injini haijafunguliwa tangu Japani." Mwalimu alimweleza wazi kwamba anataka gari la kupakia abiria kila siku. Kwa sheria niliyoieleza, huyo alikuwa na madai mazuri kweli kweli: muuzaji ni mfanyabiashara, kazi ya gari imetajwa, ujuzi wa muuzaji umetegemewa.

Siku ya kumi na saba injini ikakwama njiani, abiria wakashuka. Mwalimu, kwa kuwa kila siku gari limesimama ni siku ya hasara, akalivutisha hadi gereji ya karibu. Fundi akaifungua injini, akasema pistoni zimekwisha na silinda hedi iliwahi kupasuka ikazibwa. Ina maana injini ilikuwa imefunguliwa zamani. Huo ndio uliokuwa ushahidi wote wa kesi. Fundi akafunga injini nyingine, na ile mbovu ikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu siku ile ile, ili kupunguza gharama. Baada ya wiki tatu ndipo mwalimu akampigia simu mwenye yadi. Mwenye yadi akamjibu kwa heshima zote: "Mwalimu, gari nilikupa zima. Iko wapi hiyo injini unayosema ni mbovu?"

Tulipeleka barua, tukaenda mara tatu. Mwisho mwenye yadi alikubali kutoa kiasi ambacho hakikufika theluthi moja ya gharama, naye alitoa, nadhani, kwa kuwa aliona haya kumwona mzee wa umri ule amekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi. Mahakamani tungekuwa na nini? Neno la fundi na neno la mwenye yadi. Basi dogo linatembea mpaka leo, lakini miaka miwili ya kwanza lilifanya kazi ya kulipa mkopo wa injini.

Kwa hiyo siku gari litakapokufa, jambo la kwanza ni kulisimamisha. Usiendelee kuliendesha "hivyo hivyo," kwa sababu anayeendelea kutumia kitu baada ya kugundua ubovu anahesabiwa amekikubali, na ubovu utakaoongezeka utaambiwa ni wako. La pili ni kumjulisha muuzaji siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja tarehe, kilomita na kilichotokea, na kumwalika aje na fundi wake alione kabla halijafunguliwa. Akija, vizuri. Asipokuja, umeuziba mdomo wake wa kesho. Lifunguliwe na fundi mwenye cheti, wa VETA au wa kampuni inayojulikana, apige picha na kuandika taarifa yenye sababu ya ubovu na muda anaoukadiria. Vipuri vilivyotolewa vifungwe kwenye gunia na kuhifadhiwa. Gunia hilo lina thamani kuliko wakili. Halafu barua ya madai yenye siku maalumu za kujibu.

Wengine hukimbilia polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na kama umeuziwa gari la wizi au lenye chesisi iliyochongwa, nenda polisi leo. Lakini injini kufa peke yake si jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Kwa madai ya fedha nenda mahakamani. Karani atakuonyesha, kwa kiasi unachodai, kama shauri ni la Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, basi hakuna sababu ya kuogopa. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka sita, ingawa anayekaa hata miezi sita atakuta shahidi wake amehama na yadi imegeuka duka la simu. Fidia yenyewe ni tofauti kati ya thamani ya gari ulilopewa na thamani ambayo lingekuwa nayo kama lingekuwa kama ulivyoahidiwa. Gharama halali ya matengenezo, yenye risiti, ndiyo njia ya kawaida ya kuionyesha. Mkataba uwe umelipiwa ushuru wa stempu, la sivyo hautapokelewa mpaka ulipiwe. Na yadi ikuandikie risiti ya mashine kwa bei yote, si nusu. Mnaokubali risiti ya nusu bei ili kupunguza kodi mjue kwamba siku ya kudai mtakuwa mmenunua gari la nusu bei.

Kuna waliouliza kabla ya mkutano juu ya magari wanayoagiza wenyewe moja kwa moja kutoka Japani. Nawajibu kwa kifupi: mkataba wenu ni na kampuni ya kule, kwa masharti iliyoyaandika yenyewe, na kumfuata mtu ng'ambo ya bahari kwa ajili ya giaboksi ni gharama kuliko giaboksi. Ukaguzi wa Shirika la Viwango ni wa kuona kama gari linafaa kuingia barabarani. Si dhamana kwamba injini itadumu. Na bima mliyokata kwa kawaida hailipii uchakavu wa injini. Yule mwenye yadi wa hapa nchini, mnayemwona ghali, sehemu ya ughali wake ndiyo hii haki ya kumfuata.

Na kijana mmoja wa kidato cha sita ameniletea kikaratasi: je, haya yanahusu pikipiki pia? Yanahusu. Pikipiki ni bidhaa, na sheria ni ile ile, hata kwa friji na kwa simu ya mkononi. Nimemwachia Katibu mfano wa mkataba wa mauziano wenye ile sentensi ya siku 30, pamoja na mfano wa ujumbe wa kumjulisha muuzaji. Anayetaka nakala amwone yeye pale mezani, kabla ya mechi ya wazee na wanafunzi.